Chumvi ya Kwenye Kikapu

Kila siku saa kumi, Husna akitoka shule, hupitia stendi ya Same, kwenye kibanda cha mitandio cha mama yake mdogo, Nasrin, anayeishi naye. Shikamoo yake haijaitikiwa vizuri, tayari ametumwa chipsi mayai na soda. Huenda akiburuta viatu. Kazi hiyo imemchosha, imemchosha hasa.

Si kwamba hapendi chipsi. Ni kwamba alikuwepo siku nesi Jenoveva wa zahanati alipozungumza na Nasrin. Nasrin na mumewe Idrisa walikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto, na siku za mwezi za Nasrin zilikuwa zikija zinavyotaka zenyewe. Nesi alisema sababu zinaweza kuwa nyingi, na Idrisa naye apimwe. Ila chipsi na soda za kila siku huenda zikauvuruga mwili wa mwanamke anayetafuta mtoto. Ajaribu chakula cha nyumbani miezi mitatu, kisha arudi.

Bibi, mama yake Nasrin, aliposikia hayo kule kijijini Myamba, milimani, akaanza kushusha kikapu kwa basi kila Ijumaa: mahindi, maharage, ndizi, mboga ya mnavu. Sharti lake lilikuwa moja. Chakula kikiliwa, kikapu kirudi na fundo la chumvi. Kisipoliwa, kirudi na chakula chenyewe. Kwenye simu mtu husema lolote, alisema Bibi, lakini kikapu chake anakiamini.

Basi mnavu ukaliwa na mbuzi wa jirani, maharage yakabunguliwa chini ya kitanda, na kila Jumamosi Nasrin akasema, "Tia chumvi, mwanangu, upeleke kwenye basi." Husna akatia, wiki kumi na mbili, na kila wiki roho ikimuuma zaidi.

Siku moja Bibi akapiga simu. Alikuwa ameamua. Kama binti yake anakula vizuri na bado hakuna kitu, basi nesi hajui. Atamuuza ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee, ampeleke Nasrin kwa mganga kule Jipe. Mnunuzi angekuja Jumatatu. Nasrin akajibu, "Sawa, mama," akaweka simu chini, akamtuma Husna chipsi.

Jumamosi hiyo Husna alirudisha kikapu na mnavu ulionyauka na maharage yaliyobunguliwa. Chumvi hakutia.

Jumapili Bibi akashuka. Hakugomba. Aliketi mkekani, akakifunua kikapu mbele ya binti yake.

"Kitendawili."

"Tega," Husna akajibu kwa sauti ndogo.

"Ninaye mjumbe hana mdomo, kanidanganya wiki kumi na mbili."

Badala ya kutegua, Nasrin akamgeukia Husna. "Umenianika, wewe mtoto. Nakulea, halafu unanianika kwa mama yangu."

"Na ng'ombe je, mama mdogo?" Husna akasema, machozi ya hasira yakimtoka.

Nasrin akaokota harage moja kikapuni, kisha akamgeukia mama yake. "Makande ya mahindi na maharage ni chakula cha nyumba yenye watoto, mama. Nikiinjika sufuria, majirani wanauliza nampikia nani. Chipsi haziulizi kitu."

Idrisa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakiri kuwa yeye naye hajapimwa, kila wiki anasingizia kazi. Angekwenda kesho.

Bibi akampigia mnunuzi, akamwambia asije. Kisha akamvuta Husna karibu yake.

"Mtoto anaweza kuja, anaweza kuchelewa, hilo silijui," alimwambia Nasrin. "Ninachojua ni kwamba ushauri wa nesi haujajaribiwa hata siku moja. Ukimficha ukweli anayekupenda, atakutibu ugonjwa usio wako. Huyu hakukuanika. Amekuokoa, na mimi ameniokolea ng'ombe."

Wiki nzima Nasrin alizungumza na Husna kwa maneno mawili matatu tu. Lakini hakumtuma chipsi, na kila jioni Idrisa alichambua maharage mlangoni, majirani wakimwona.

Jumamosi ilipofika, Husna aliinuka kwenda kuchukua chumvi. Nasrin akamshika mkono.

"Lete hapa," akasema. "Leo nafunga mwenyewe."