Porti 5020

Saa tatu asubuhi, fundi Isaïe alikuta mstari wa ziada kwenye kompyuta kubwa ya kiwanda cha barafu. Kompyuta hiyo ndiyo iliyosimamia mitambo yote. Ilipokea habari kutoka kompyuta ndogo tatu zilizofungwa kwenye mashine, kila moja na anwani yake, na zote ziliiita kwa namba moja ya porti, yaani mlango wa kupokelea mwito, 5021. Leo zilikuwa nne. Ya nne ilikuwa na anwani inayoishia na 14, nayo iliita kwa 5020.

Porti 5020 Isaïe aliifunga kwa mkono wake miezi saba iliyopita. Na kompyuta ya 14, ya chumba cha baridi, ilibaki ukutani waya wake umekatwa tangu siku Sadrack, mfanyakazi mwenzake, alipokufa humo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumbani peke yake.

Mama Florentine, mwenye kiwanda, alikuwa mezani kwake akiandika.

"Mama, iko mutu alirudisha waya ya chambre froide?" Isaïe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mutu gani? Iko vile uliikata." Akamtazama vizuri. "Juu ya nini unatoka jasho asubuhi hii?"

"Ni chaleur tu, Mama, joto."

Alifuta anwani ya 14. Ikarudi. Akaifunga 5020 upya, na kompyuta ikamjibu kwamba inaisikiliza. Ndipo harufu ya lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, ilipojaa puani mwake.

Niseme wazi, maana huyu bwana simwonei huruma hata kidogo. Miezi saba iliyopita alibadilisha porti kwenye kompyuta kubwa kutoka 5020 kwenda 5021. Akabadilisha na kwenye mashine. Ilibaki ya chumba cha baridi, lakini njaa ilimwuma, akaenda kula liboke, samaki wa kupikwa kwenye majani, akijiambia ataimaliza akirudi. Mlango ukamfungia Sadrack ndani. Sadrack alibonyeza kitufe cha hatari, na mwito wake ukaenda 5020, ambako hakukuwa na wa kuusikia. Isaïe aliporudi alimkuta amekufa, ameshakauka kwa baridi. Akarekebisha namba haraka, akammwagia lotoko kwenye shati, akawaambia watu kwamba marehemu alilewa akasinzia, hata kitufe hakukigusa. Watu wakamwamini. Kwenye matanga akina mama wa kwaya walikuja, wakasikia maneno ya ulevi, wakaondoka bila kuimba, na mjane wake, Angèle, akabaki na jeneza na aibu.

Basi kwenye ukuta wa chumba cha baridi pakagongwa mara tatu. Pakanyamaza. Pakagongwa tena mara tatu.

Isaïe aliinuka. Angeweza kumwita mwenzake waingie wawili, lakini hakutaka mtu mwingine aione ile namba. Alipita uani bila kumtazama Angèle, aliyekuja na ndoo yake kununua barafu ya kuhifadhia samaki wake kutoka Yanonge kama kila Ijumaa. Akaingia chumba cha baridi peke yake.

Waya ulikuwa umekatwa vilevile, shaba zake zikichungulia hewani. Kioo kidogo cha kompyuta ya 14 kilikuwa kinawaka. Akainama kukisoma, na nyuma yake mlango ukajifunga taratibu, akaurukia, akavuta kile kishikio cha ndani kilichotengenezwa upya baada ya msiba, kisigeuke, akarudi kwenye kioo akaandika 5021, namba ikajiandika 5020, akaandika tena, ikajiandika tena, na mvuke wa pumzi yake ukatoka mweupe mbele ya macho yake, na kando yake, kwa kimo cha mtu aliyesimama begani kwake, ukatoka mvuke wa pumzi nyingine.

Akabonyeza kitufe. Safari hii mwito ulipokelewa. King'ora kililia uani, kisha kipaza sauti kilichounganishwa na kitufe kikatoa sauti ya Isaïe, na kila mtu akasikia.

"Sadrack, pardon. Ni miye. Ulibonyeza, najua ulibonyeza. Nilibadilisha numéro, nikaenda kula, nikaiacha yako. Na lotoko ni miye nilikumwagia ku chemise, ukiwa umeisha kufa."

Uani watu waliacha kazi. Wanaume wawili walileta nondo, wakasukuma mlango hadi nondo ikapinda. Mama Florentine alimshika Angèle mkono.

"Mama Angèle, tafazali, ongea na bwana yako. Wewe atakusikia. Umwambie amwachilie Isaïe."

Angèle hakulia. "Bwana yangu alikaa mule ndani dakika ngapi?"

Mama Florentine alishusha macho. "Makumi ine."

"Bon. Tungojee."

Akageuza kreti, akaketi mbele ya mlango. Kipaza sauti kiliendelea, kwanza kelele, halafu maombi, halafu meno yanayogongana, halafu kitu kama mtu anayejikokota sakafuni, na hakuna aliyethubutu kumgusa yule mama. Zilipotimia dakika arobaini aliinuka, akashika kishikio kwa vidole viwili, na mlango ukafunguka.

Isaïe alitoka kwa miguu yake, nyusi zimeganda. Alikuwa mtu wa Butembo, na miaka yote ya Kisangani hakuwahi kujifunza Kilokele, lugha ya Sadrack na mkewe. Alisimama mbele ya Angèle, akamwita kwa jina la utani ambalo mumewe alimwita chumbani mwao tu, na kwa Kilokele safi cha watu wa mtoni akamwuliza kama watoto wamekula.

Angèle alimtazama. Machozi yakaanza kumtoka. Akajibu kwa Kilokele kwamba bado, wanamngoja, akamshika ule mkono wa baridi, wakaelekea getini.

Mama Florentine aliita, "Isaïe!" Hakugeuka.