Siagi Iliyokataa Kushikana

Kila asubuhi Ng'washi alisafisha kibuyu na kukifukiza moshi, kisha Bibi akamimina maziwa yaliyochacha. Ng'washi alikipakata akakitikisa mpaka siagi ishikane. Wiki hiyo siagi ilikuwa ya mama yake, aliyetoka kujifungua na bado hakuwa na nguvu. Alikuwa akitiliwa siagi hiyo kwenye uji.

Selina, binti wa shangazi yake, alikuwa amekuja Misungwi likizo kutoka Mabatini, mjini. Kisimani, mbele ya wasichana wote, alibana pua.

"Huyu ananuka moshi wa kibuyu. Sisi mjini tunakula siagi ya kopo, siku hizi maduka yamejaa vitu vya nje."

Wasichana wakacheka. Moyoni Ng'washi aliapa kumkomoa. Alilala na kisasi hicho, akaamka nacho, na kilikuwa kitamu.

Kesho yake Bibi alikwenda kuchuma mboga, akamwachia Selina kibuyu ajifunze.

"Mbona haishikani?" Selina aliuliza huku jasho likimtoka.

"Ongeza maji ya moto," Ng'washi alisema bila kupepesa macho. "Huku ndivyo tunavyofanya."

Uongo mtupu. Yanayotakiwa ni maji ya baridi. Selina akamimina, akatikisa mpaka mikono ikafa ganzi, na siagi yote ikayeyuka. Ng'washi alimtazama kwa furaha, akisubiri agombezwe.

Bibi aliporudi alishika kibuyu, akakunja uso. "Nani ametia maji ya moto?"

"Mimi, Bibi. Nisamehe," Selina alisema. Hakumtaja mtu.

Sauti dhaifu ya mama ikatoka chumbani. "Siagi bado? Uji umeshapoa, acha ninywe hivi hivi."

Ng'washi alisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Bibi, ni mimi niliyemdanganya. Jana alinicheka kisimani."

Bibi hakumpiga. Alikiweka kibuyu kwenye beseni la maji ya kisima mpaka kikapoa, akampa Ng'washi. Akatikisa, na alipochoka Selina akampokea. Mchana siagi ikashikana, ingawa ilikuwa kidogo.

"Selina, ulimdhalilisha mwenzako. Muombe radhi," Bibi alisema, na Selina akaomba. "Na wewe Ng'washi, ukikosewa njoo useme. Ulitaka kumkomoa Selina, lakini aliyekunywa uji mtupu leo ni mama yako. Haya, mpelekee siagi yake, na umwambie kwa mdomo wako kwa nini imechelewa."