Kikapu cha Apolonia

Taa ya umeme haina harufu. Koroboi hunuka mafuta, mshumaa hunuka nta, lakini ile glopu ya kioo, hata uisogelee kwa pua, hupati kitu. Kwa hiyo jioni ile ya Jumatatu, mwaka hamsini na tano, Damari alipobonyeza swichi na chumba kikajaa harufu ya milulu mibichi, yale majani ya kusukia vikapu, alibaki amesimama na mkono ukutani. Akazima. Harufu haikuondoka.

"Kuna nini huko?" mumewe, Asukile, aliuliza kutoka uani alikokuwa akinawa masizi.

"Hakuna kitu, Bwana. Nilidhani nimeunguza mboga."

Usije ukamwonea huruma upesi, wewe unayesikiliza. Damari aliijua harufu ile ilikotoka, tena aliijua vizuri kuliko njia ya kisimani.

Mbeya ya miaka ile ilikuwa na mtambo wa kuchoma taka, upande wa Iyunga, banda la mabati lenye bomba refu. Mkokoteni wa ng'ombe ulipita nyumba hadi nyumba ukizoa maganda ya ndizi, magunzi, matambara na magodoro yaliyooza. Taka zikaanikwa, zikachanganywa na maranda ya mbao, zikatiwa tanurini chini ya boila. Mvuke ulizungusha mashine, na ilipofika saa kumi na mbili na nusu jioni umeme ukapita kwenye waya hadi posta na nyumba za wakubwa, na glopu mojamoja kwenye vyumba vya wafanyakazi pale Ilomba. Asukile alikuwa mchochea moto wa zamu ya mchana, na kazi yake aliipenda mno. "Pale hakuna kinachopotea," aliwaambia wageni. "Mnachotupa asubuhi kinawawakia jioni." Watu walicheka, na Damari alikuwa akicheka nao.

Kabla ya Damari alikuwapo Apolonia, Mhehe wa Ilula, ambaye Asukile alimwoa alipokuwa akipasua mbao Iringa. Apolonia alifariki akiwa na mimba ya miezi minane. Mkononi mwake kilikutwa kikapu cha milulu alichokuwa akikisuka awekee nguo za mtoto, kimefika nusu. Mila ya ukoo wao ilikuwa wazi: kitu alichokishika marehemu mara ya mwisho, mume hakai nacho. Anakirudisha kwao kwa mikono yake mwenyewe, na shangazi wa marehemu anakimalizia au anakizika. Asukile aliitikia "ndiyo, Shangazi," kisha akapanda basi la Mbeya na kikapu mapajani. Alipooa tena, akakitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Wivu wa mke mwenza aliye hai una dawa. Unamwona anavyozeeka, unamsikia anavyokoroma, siku moja anaunguza maharage nawe roho yako inatulia. Marehemu haunguzi maharage. Asukile hakuwahi kumsifu Apolonia hata kwa neno moja, lakini kila asubuhi kabla ya kutoka alikigusa kile kikapu kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayepima kama uji umepoa. Damari alilala chini ya kikapu miaka mitatu. Mimba ilipoingia, baada ya kuingojea sana, Asukile alikitazama akasema, "Kitafaa kuwekea nguo za mtoto." Alisema kwa wema, maskini, lakini kwa Damari maneno yale yalikuwa shubiri. Mtoto wake, aliyemtapikia miezi mitatu, awekewe nguo kwenye kikapu cha yule?

Ijumaa, mkokoteni ulipopita, alikitia kikapu chini kabisa ya taka, akafunika kwa maganda ya maboga, akamkabidhi mzoa taka huku anamtania kuhusu ng'ombe wake mmoja aliyekonda. Kwa mumewe alidanganya: "Nimekihifadhi kwa Esta. Panya wamezidi humu." Asukile akaitikia kwa kichwa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kutoka, aligusa msumari mtupu. Damari aliona, na hakujisikia kushinda hata kidogo.

Basi Jumatatu ikaja harufu. Jumanne ikaja sauti. Taa ilipowaka tu, kikasikika kitu kinachakura juu karibu na dari, chwa, chwa, kisha kimya, kisha chwa. Ungedhani panya. Lakini Damari alikuwa ameolewa na mtu aliyeishi Iringa, aliyewatazama wanawake wa Kihehe wakisuka milulu kule, na aliwahi kumwonyesha kwa mikono: unavuta, unakaza, unapitisha tena. Ndivyo sauti ile ilivyokuwa. Ilivuta, ikakaza, ikapitisha tena.

Jumatano alikwenda kwa Esta, jirani wa mlango wa tatu.

"Dada, taa yako inanuka nini?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Inuke nini? Taa inanuka?" Esta alimtazama tumbo. "Mimba hiyo inakupeleka mbio. Kale ndizi ulale."

Akala ndizi, hakulala. Jioni ile kukaonekana kivuli. Chini ya msumari, ukutani, palipokuwa patupu kabisa, kilianguka kivuli cha kikapu, kimekatika katikati pale Apolonia alipokiacha, na Damari alipokuwa akikitazama huku ameziba mdomo kwa khanga, sauti ikavuta na kukaza, na ule ukingo uliokatika ukaongezeka mstari mmoja. Mstari mmoja tu. Tumboni, mtoto aliyekuwa akicheza tangu mchana akatulia.

Alizima taa. Chumba kikawa giza, na kivuli kikabaki pale pale, cheusi kuliko giza lenyewe.

Kuanzia hapo Damari alihesabu. Kila jioni mstari mmoja, siku nyingine miwili, na kila mstari ulipoingia mtoto alipunguza teke. Asukile hakuona kivuli, au alisema hakuona. Alichofanya ni kukaa kitini chini ya glopu baada ya kula, uso juu, mikono imelegea magotini, mtulivu kuliko Damari alivyowahi kumwona tangu amwoe.

"Twende tulale, Bwana."

"Kidogo tu. Mwanga wa leo mzuri."

Na hapo, ona ajabu ya moyo wa mtu, badala ya kuogopa Damari akaona wivu. Jini lilikuwa chumbani mwake, mtoto ananyamaza tumboni, naye anawaza: mbona mimi hajawahi kunitazama hivyo?

Jumapili alitoka kanisani akaapa hatawasha taa tena. Aliwasha koroboi, akaficha kichwa cha swichi kwa kitambaa, akakaa kitandani ameukumbatia mto, na mtambo ulipoanza kunguruma kule mbali Iyunga aliusikia kama hajawahi kuusikia, akaona ule moto na lile koleo na kile kikapu kikishika moto milulu kwa milulu, akasikia waya juu ya paa ukianza kuvuma, mvumo ukashuka ukutani, ukapita nyuma ya kitambaa, ukapanda hadi kwenye glopu, na glopu, ambayo hakuna mkono ulioigusa, ikawaka taratibu, nyekundu, halafu ya manjano, na kivuli kikatokea kikiwa kimefika ukingoni, kikapu kizima, kinachobaki ni kifuniko, na sauti ya mwanamke, laini, isiyo na hasira yoyote, ikahesabu mistari kwa Kihehe huku inakaza, na Damari aliposhika tumbo lake kwa mikono miwili lilikuwa gumu na kimya.

Asukile alipoingia alimkuta sakafuni.

"Nimekitupa," alisema kabla hajaulizwa. "Kikapu. Sikukipeleka kwa Esta. Nilikitia kwenye taka."

Asukile aliketi kitandani.

"Jumatatu ile mchana," alisema, "nilitia koleo moja tu, moto ukaruka hadi mlangoni na mshale wa kipimo cha mvuke ukapanda wenyewe. Tulishangilia. Kalinga msimamizi alinipa sigara." Akatazama viganja vyake. "Nimemchoma kwa mkono wangu, Damari."

"Mimi ndiye niliyemtupa."

"Na mimi ndiye niliyeambiwa nikirudishe. Nisamehe. Mtoto anacheza?"

Damari aliuchukua mkono wake akauweka juu ya tumbo, naye akaelewa. Alfajiri aliandika barua, akamkabidhi dereva wa basi la Iringa. Siku zote za kungoja walilala kwa Esta, ambako taa ilikuwa taa tu, na Esta, aliyemwekea Damari sikio tumboni, hakusema tena habari za ndizi. "Yumo," alinong'ona. "Lakini yuko mbali."

Siku ya tano alishuka Shangazi Lusia, aliyemlea Apolonia, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni na furushi la nyanya za Ilula alizonunua barabarani, maana, alisema, mtu haendi ukweni mikono mitupu hata kama ukwe wenyewe umekufa.

"Kamwene," alimsalimu Asukile, na baada ya hapo hakumpa neno jingine. Alikwenda moja kwa moja kwa Damari. "Wewe ndiye mwenzake?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ulimwonea wivu."

"Ndiyo."

"Afadhali wewe unasema. Huyu mwanamume alikaa na kitu cha watu miaka yote, na mdomo wake umefungwa." Akaomba unga wa ulezi na bakuli la maji. "Kanisani nitaungama Jumapili. Leo naongea na mwanangu."

Jioni waliingia wote watatu chumbani. Saa kumi na mbili na nusu mtambo ukanguruma, glopu ikawaka, harufu ya milulu ikajaa. Shangazi Lusia alikaa chini ya taa, akakoroga unga kwenye maji, akanyunyiza sakafuni, akaongea Kihehe polepole kama anayembembeleza mtoto mgonjwa. Kisha akatega sikio. Ukutani, kando ya kikapu, kilikuwa kimeanza kivuli cha pili, cha duara. Kifuniko.

"Hataki mume," alisema Shangazi. "Mume amekuachia siku nyingi. Anataka alichokisukia kikapu."

"Nimpe mtoto wangu?"

"Mgawane. Kikapu kilikuwa cha mtoto wake, na mtoto hakupatikana. Wewe umemwunguzia hata kile kilichobaki. Mwambie: mke mwenzangu, mtoto ni wako na wangu. Atakifumua."

Maneno saba tu. Lakini Damari alijikunyata juu ya tumbo lake. Mume, kumbe, angemgawa. Pale sakafuni aliona kwamba angemgawa hata leo, amkate vipande, amwachie yule upande wenye moyo. Mtoto, hapana. Huyu alikuwa kitu cha kwanza maishani ambacho Apolonia hakukishika kabla yake. Kifuniko kikaongezeka mstari. Chwa. Kikaongezeka mwingine. Kikapanda juu ya kikapu, kikasogea, kikaanza kukaa mahali pake.

"Sema, mwanangu," Shangazi alinong'ona. "Akishafunika hafunui."

Damari akajiambia kwamba maneno ni upepo, kwamba mtu anaweza kusema kitu mdomoni na kukikataa moyoni, na nani atajua.

"Mke mwenzangu," alisema. "Mtoto ni wako na wangu."

Kifuniko kikasimama. Halafu kikainuka, na kivuli kizima kikafumuka mstari baada ya mstari, haraka, hadi ukuta ukabaki mweupe. Chini ya khanga mtoto alipiga teke ambalo hata Asukile aliliona. Damari alilia kwa sauti. Shangazi Lusia alikusanya bakuli lake.

"Ulichosema umekisema mbele yangu," alimwambia mlangoni kesho yake. "Nyumba yenu ina mama wawili sasa. Mtajeni mnapopika, mnapoomba. Usijifanye hukusema."

Alijifungua salama, mtoto wa kiume, wakamwita Yotamu. Na Damari akajifanya hakusema. Jina la Apolonia halikutamkwa ndani ya nyumba ile, wala unga haukunyunyizwa. Asukile alipotaka kulitaja alimkazia jicho tu. Alimbeba mtoto mgongoni kutwa nzima, hata Esta hakupewa kumshika.

Masika iliyofuata taka zikalowa zisishike moto. Maranda yakaadimika, na wakubwa wakachoka na moshi. Mtambo ukafungwa, mashine ikang'olewa, mafundi wakapita Ilomba wakikata waya na kuuviringisha. Wachochea moto walihuzunika, maana walitafutiwa kazi ya kuchimba mitaro. Damari peke yake alipika wali na nyama siku ile. Koroboi zikarudi. Glopu zenyewe ziliachwa zikining'inia, hakuna aliyezihitaji.

Mwezi mmoja baadaye, jua likiwa linazama, Yotamu alikuwa amekaa mkekani, ana miezi tisa, meno mawili. Damari alipiga magoti mbele yake akikunja nepi. Asukile alikuwa mlangoni akivua viatu vyenye matope ya mitaro.

"Ma," alisema mtoto. Akatafuta midomo yake. "Mama."

Damari aliacha nepi. Alikuwa amelingoja neno lile kwa muda mrefu kuliko umri wa mtoto mwenyewe. Yotamu aliinua mikono miwili, naye akainamia kumchukua, na mtoto akauweka mkono wake mdogo kwenye shavu la Damari, akausukuma uso wake kando ili aone vizuri.

Harufu ya milulu ilikuwa imeshajaa. Damari aligeuka. Kwenye glopu ile, isiyo na waya wala mtambo, uzi mwembamba ulikuwa umewiva mwekundu.

"Mama," aliita tena Yotamu akicheka, akiutazama.

Damari alifungua mdomo kuitika, lakini "abee" ilikuwa imeshasemwa, kwa upole, kutoka juu.