Majani Makavu ya Kangaga

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na pacha wangu tulikuwa na kazi moja: kushusha makangaga ya mama ukutani, kuyachovya kwenye beseni la maji, kuyaacha yachuruzike, kisha kuyarudisha kwenye misumari yake. Mimea hiyo haihitaji udongo. Mama huilaza juu ya makumbi ya nazi, akaifunga kwenye ubao kwa mshipi wa kuvulia, ikashika yenyewe taratibu. Lile kubwa, lenye majani yaliyogawanyika kama pembe, aliachiwa na marehemu bibi, na mama alilisalimia kila alipopita.

Jumamosi moja nilitaka kumfurahisha mama. Chini ya lile kubwa palikuwa na majani ya kahawia, makavu kama karatasi, yameukumbatia ubao. Nikaona ni uchafu tu. Nikayavuta, yakagoma. Mimi nina hasira za karibu, basi nikaushusha ubao, nikaukandamiza kwa goti, nikayang'oa kwa nguvu zote mpaka mshipi ukakatika na mizizi ikatoka nayo. Nikaurudisha ubao msumarini, nikaliegemeza kangaga juu yake, nikaenda zangu kucheza.

Jioni pacha wangu aliligusa tu, likaanguka. Kaka yetu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, alimkuta amesimama kando yake.

"Umelifanya nini kangaga la bibi?"

"Sijafanya kitu, kaka."

Kofi la kwanza lilimbamiza ukutani. La pili lilimpasua mdomo.

"Nakuuliza mara ya mwisho."

"Sijui, kaka. Haki ya Mungu sijui."

Teke likamkuta mbavuni. Mimi nilikuwa mlangoni, nimefyata mkia. Nilijiambia kaka atachoka, lakini hakuchoka. Pacha wangu, damu ikimchuruzika kidevuni, alipapasa sakafuni akaipata nyundo ambayo mama hupigilia misumari ya makangaga. Akainyanyua usawa wa kichwa cha kaka.

"Ni mimi niliyeling'oa," nikasema, nikajitupa katikati.

Nyundo ilikuwa imeshaanza kushuka. Ilinipiga mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu.

Daktari aliufunga mkono wangu plasta ngumu na kumshona pacha wangu mdomo. Tuliporudi nyumbani, mama alituketisha sote watatu kuuzunguka ule ubao.

"Majani haya ya kahawia bado yana kazi," alisema. "Ndiyo yanayofunika mizizi na kuitunzia maji. Wewe uliyang'oa bila kuuliza. Hilo lilikuwa kosa dogo, mwanangu. Ungeniambia mapema, tungelifunga upya na kucheka. Ulinyamaza, ndugu yako akapigwa kwa kosa lako."

Akamgeukia kaka. "Na wewe unauliza kwa ngumi. Mtoto alikwambia kweli tangu mwanzo, hukumsikia. Leo ningezika mtu kwa sababu ya jani." Kisha akamtazama pacha wangu. "Nyundo ni ya misumari, baba. Ukionewa, kimbia uniite."

Kaka aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mdogo wangu."

Pacha wangu alilaza mizizi juu ya makumbi mapya, akazungusha mshipi, akampa kaka ncha yake.

"Vuta," alisema. "Lakini polepole."

Baada ya miezi mitatu kangaga lilitoa jani jipya chini, nalo likaanza kugeuka kahawia. Mkono wangu ulikuwa umeshapona. Sikuligusa. Nilimwita mama kwanza.