Ng'ombe Mwekundu wa Hhando

Siku ya mnada Katesh, mtu mwenye akili timamu hapeleki gari dogo kwenye njia inayopita mifugo. Hhando alipeleka. Tena siyo gari la kubebea magunia, ni ile Celica yake nyekundu ya milango miwili, ya chinichini, iliyong'arishwa mpaka ungeweza kujichana nywele mbele ya mlango wake. Ng'ombe wakamzunguka. Mbele ng'ombe, nyuma ng'ombe, pembe zinapita karibu kabisa na rangi, na yeye ndani anapiga honi bila kupumzika.

"Zima honi, kaka! Unawatisha!"

Aligeuka. Dirishani alisimama dada mrefu, gauni la jinzi, raba nyeupe zilizokwisha kuchafuka kwa vumbi la mnadani, na bangili za shaba zimejaa mkono wa kushoto mpaka karibu na kiwiko.

"Watanikwaruzia gari!" Hhando alilalamika.

"Ukiendelea hivyo watapanda juu kabisa. Zima."

Akazima. Yule dada akapiga mluzi, akalipiga dume la mbele kofi mgongoni, akalisemesha Kibarbaig cha kwao. Dume likasogea, na wengine wote wakalifuata taratibu, mpaka njia ikafunguka.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wakusamehe, ni Mmbulu, mtu wa jembe."

Hhando akacheka mpaka akasahau kuangalia kama gari limeguswa. Wanaomjua wanajua hilo halikuwa jambo dogo.

"Unawajua hawa ng'ombe?"

"Ni wa baba. Mimi nimemsindikiza tu, kazi yangu iko stendi, natengeneza simu." Akachungulia ndani. "Na hiyo simu yako kioo kimepasuka, kaka mwenye gari zuri. Ukipata nafasi njoo. Uliza Perpetua."

Alipata nafasi kesho yake, duka la simu lilipofunguliwa.

Sasa nikwambie habari za lile gari, maana bila hivyo utamwona Hhando mjinga. Alizaliwa Bashay, kwenye familia ya maharage na ngano, akashuka Katesh kuuza vifaa vya sola. Duka lake lilikuwa mtaa wa Jorodom, chini ya mlima. Desemba ile mlima ulipoporomoka, tope lilipita na duka, na chumba alichopanga, na kila kilichokuwamo. Yeye alipona kwa sababu alikuwa Babati amepeleka gari kwa fundi. Aliporudi hakuwa hata na kijiko. Alikuwa na Celica. Watu wakamwambia uza, uanze upya, akakataa, akaanza upya na paneli mbili za mkopo. Kila asubuhi alilifuta lile gari kabla hajanywa chai. Kitu pekee ambacho tope halikuchukua, utakiuza vipi?

Perpetua alielezwa hayo yote siku ya kioo cha simu. Hakusema pole nyingi, alisikiliza tu huku bisibisi imetulia mkononi. Na mapenzi yakaanzia hapo, msiniulize kwa nini.

Simu ndiyo ilikuwa kazi yao jioni.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe Mmbulu, umelala na gari leo au umelala kitandani?"

"Acha wivu, mpenzi."

"Siyo wivu. Nataka kujua mke mwenzangu ameamkaje."

Sheria za gari Perpetua alizijua: usigonge mlango, usiweke mguu kwenye dashibodi, usile ndani. Siku moja walitoka kutembea kuelekea Babati, Perpetua akanunua mahindi ya kuchoma njiani, akaambiwa ashuke ayamalizie nje. Akashuka, akaegemea nguzo ya umeme, akala polepole punje moja moja huku anamwangalia, mpaka Hhando akaona aibu akashuka naye.

"Ipo siku nitakula humo," alimwambia akijifuta vidole.

"Siku hiyo nitakuwa nimekufa."

"Au umenioa," alisema Perpetua, kisha akajifanya anaangalia mlima.

Basi ikabidi Hhando aende kujitambulisha. Kwao Perpetua ni kule tambarare, upande wa Ziwa Balangida, boma limezungushiwa miiba na katikati ng'ombe. Alivaa shati jeupe la kupigwa pasi na koti alilovaa kwenye ndoa ya kaka yake. Baba mtu, Mzee Gidamis, alikuwa amejifunga shuka nyekundu iliyofifia, mtu mwembamba, mkavu, asiyecheka bila sababu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una ng'ombe wangapi?"

Ndiyo salamu yenyewe. Perpetua akatazama chini. Hhando, ambaye jasho lilikuwa linamshuka mgongoni, alifanya lile ambalo wanaume wakibanwa hulifanya. Alifanya utani. Akaligonga gari lake kwa kiganja.

"Baba, ng'ombe wangu ni huyu mwekundu. Nimemleta kwako. Kuanzia leo ni wa kwenu."

Vijana wakacheka. Mama Perpetua, aliyekuwa na Kiswahili cha kuhesabu kwa vidole, akatafsiriwa, naye akacheka. Mzee hakucheka. Aliinuka, akalizunguka gari, akainama akatazama taa za mbele, akapapasa ubavu, akapapasa nyuma juu ya gurudumu.

"Sawa," alisema. "Nimemwona."

Jioni mvua ikamwagika, na udongo wa kule ukilowa haumjui mtu. Celica haikusogea hata kidogo. Ikabidi ibaki bomani, na Hhando na Perpetua wakarudi mjini kwa bodaboda, wamelowa chapachapa, wanacheka njia nzima. Alijiona amefaulu.

Jua lilipokausha njia, alirudi peke yake kulichukua gari. Ng'ombe walikuwa wameshatoka na Mzee kwenda malishoni. Mama alimpokea kwa tabasamu kubwa na kibuyu cha maziwa. Hhando akakipokea, akapiga hatua kuelekea gari, akasimama ghafla.

Ubavu wa kulia, nyuma, juu ya gurudumu, rangi ilikuwa imeungua. Siyo kukwaruzwa, kuungua. Mtu alikuwa amepitisha chuma cha moto pale, mstari umejipinda, na mingine miwili imeukata, rangi imefura na kubabuka mpaka bati linaonekana. Hhando aliweka mkono pale. Lile tope lote, na gari halikupata hata mchubuko, leo watu wamelichoma makusudi!

Akageuka. Mama bado anatabasamu, anamwonyesha kibuyu: kunywa, kunywa. Hhando aliona anachekwa. Akakiweka kibuyu chini bila kukionja, akaingia garini, akaondoka bila kumuaga mtu.

Simu aliipiga akiwa bado barabarani.

"Wamelichoma gari langu, Perpetua!"

"Nini? Nani kalichoma? Linawaka?"

"Wamelibabua na chuma cha moto! Na mama yako ananichekea usoni! Nakwenda polisi."

"Hhando, ngoja kwanza. Nitumie picha, nimpigie kaka yangu nimuulize..."

"Hakuna cha kuuliza! Watu wenu hawajui thamani ya kitu, nyie mnajua ng'ombe tu!"

Hhando alisikia kelele za stendi nyuma ya Perpetua, wapiga debe wanaita abiria wa Singida.

"Watu wenu," Perpetua alirudia, sauti imeshuka. "Na mimi ni wa nani?"

"Sikumaanisha wewe."

"Umesema nyie. Nenda polisi. Na simu yako ikiharibika, mafundi wako wengi."

Akakata. Hhando hakwenda polisi, alikosa hata la kuandikisha. Alipiga tena, ikaita bila kupokelewa. Kesho yake haikuita kabisa, namba yake ilikuwa imefungiwa.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Perpetua alifungua simu za watu na kuzifunga, mara mbili alirudisha simu ikiwa bado mbovu. Alipompigia baba yake kumuuliza habari za gari, Mzee alijibu kwa mkato, "Usinitajie yule kijana," na Perpetua akaamini kwamba kweli ndugu zake wamefanya kitu kibaya wanaona haya kukisema. Hilo lilimuuma kuliko lile tusi. Upande wa pili Hhando alikwenda kwa Severine, fundi rangi wa pale mjini, akaonyesha jeraha.

"Nikiagiza rangi Arusha tutaipata hii hii," Severine alimwambia. "Utasahau kama pamewahi kuungua."

Hhando aliitikia, lakini moyo haukuwa na furaha. Alilifuta gari kila asubuhi kama kawaida, akifika ule upande anafuta harakaharaka anapita. Alimkumbuka Perpetua mpaka mahindi ya kuchoma yalimchosha kuyanusa.

Siku rangi ilipofika, ilikuwa tena siku ya mnada. Hhando alikuwa anapeleka gari kwa Severine, mawazo yako mbali, akajikuta njia ileile, ng'ombe walewale. Mbele ng'ombe, nyuma ng'ombe. Safari hii alizima injini mwenyewe. Honi hakuigusa.

Ng'ombe mmoja akasimama ubavuni, paja liko sawasawa na dirisha. Hhando alikuwa analitazama bila kuliona. Kisha akaliona. Mstari umejipinda, na miwili imeukata.

Akamtazama wa pili. Upo. Wa tatu upo, na yule ndama wa nyuma, kidonda chake bado kibichi, naye upo. Wote upande wa kulia, nyuma.

Kwao Bashay ng'ombe ni wachache, wanalala ndani ya nyumba na watu, kila mmoja ana jina lake. Nani atamchora alama ya kumtambua ng'ombe anayeitwa kwa jina? Kwa hiyo Hhando, ingawa alikua na ng'ombe nyumbani, hakuwahi hata siku moja kulitazama paja la ng'ombe wa Kibarbaig. Alitelemka taratibu, akaenda nyuma ya gari, akasimama pale palipoungua. Mungu wangu, alijisemea, nimefanya nini?

"Huyu hapa," sauti ilisema. "Amepona kidonda."

Ni Mzee Gidamis, fimbo begani. Nyuma yake Perpetua, amevaa kitenge cha bluu na zile raba nyeupe, mkononi ameshika simu ya baba yake aliyomtengenezea. Alikuwa anaitazama alama ya gari, kisha ng'ombe, kisha alama, mdomo wazi.

"Shikamoo, baba," Hhando alisema kwa shida.

Mzee hakuitikia. "Ulisema ni wa kwetu. Nikamchora alama yetu mwenyewe, sikumwachia mtoto chuma. Ukaja ukamtoa bila kuniaga. Hata maziwa ya mama ukayaacha chini. Nikajua umerudisha moyo nyuma, humtaki binti yangu."

"Baba!" Perpetua alishtuka. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie umekataliwa? Mimi baba yako?"

Hhando aliona aibu imempanda mpaka masikioni. "Baba, sikujua. Nilidhani mmeliharibu."

"Kuharibu?" Mzee alishangaa kweli. "Ng'ombe wa mkwe, niharibu?" Akamkazia macho. "Sasa niambie. Siku ile ulikuwa unacheza?"

Hapo ndipo pagumu. Angeweza kusema ndiyo baba, ulikuwa utani, na Mzee angemwelewa, angechukua ng'ombe wake akaenda zake, na binti yake naye angeondoka. Hhando alilitazama gari. Aliliona siku ile anarudi Jorodom, limesimama safi kando ya tope, yeye ameliegemea analia. Kisha akamtazama Perpetua. Hakuwa anamsaidia kwa lolote, bangili zimetulia, anasubiri kama baba yake.

"Sikuwa nacheza," alisema, na alipolisema akaona ni kweli. Akatoa ufunguo, akamkabidhi Mzee kwa mikono miwili. "Ng'ombe wako huyu, baba. Nisamehe kwa kumtorosha."

Mzee akaugeuza ufunguo kiganjani, akalizunguka gari kama ile siku ya kwanza. Halafu akaurudisha.

"Huyu mimi sijui kumkamua. Mchunge wewe. Ni wangu, lakini kaa naye. Akizaa tutagawana." Na hapo, kwa mara ya kwanza, akacheka. "Jumapili njoo. Safari hii unywe maziwa."

Akapiga mluzi, akaondoka na kundi lake. Vumbi lilipotulia walibaki wawili.

"Perpetua, lile neno nililosema kwenye simu..."

"Liliniuma."

"Najua. Nilikosea, wala sina cha kujitetea. Wazazi wako walikuwa wananipa mtoto wao, mimi naona bati."

Perpetua alipitisha kidole juu ya alama polepole. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini mdomo ulishaanza kucheka.

"Kwa hiyo mzee ameshakubali," alisema Hhando. "Na wewe je? Utaolewa na mimi?"

"Mimi niulize Jumapili, ukishamaliza kibuyu. Kizima."

Alivuka kwa mama muuza mahindi, akarudi na mawili ya moto yenye chumvi na pilipili, akafungua mlango wa gari, akaketi, akang'ata. Punje zikamwangukia mapajani na kwenye kiti.

Hhando alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," Perpetua alimkatiza, anatafuna. "Hili ni gari la baba yangu."

Simu ikaita. Severine: rangi tayari, yuko wapi, anamsubiri tangu asubuhi.

"Nakuja, fundi," Hhando alijibu, akilipokea hindi lake na kuketi. "Ila rangi usipake. Pale palipoungua pitishia vanishi tu, kutu isiingie."