Mshale wa Geji ya Denny

Russ Hruska aliianza Jumamosi ile vizuri tu: kahawa mkononi, mlango wa gereji wazi, mbwa wa jirani akibweka bila sababu kama ilivyo kawaida ya mtaa wetu hapa mjini Saginaw. Kesho yake ulikuwa msafara wa magari ya kale, na gari la marehemu kaka yake Denny, alilolifufua baada ya ajali, la mwaka 1970, silinda nane, lilibakiza kazi moja tu: kufungwa altaneta kubwa, ile mashine ya kuchaji betri, na kubadilishiwa waya.

Waya wa aina hiyo ndio uliomuua Denny. Miaka minne nyuma alifungiwa altaneta kubwa, umeme ukauzidi nguvu waya wa zamani, moshi ukajaa ndani ya gari. Taa zikazimika kwenye kona, gari hilo hilo likavaa mti. Fundi alikuwa Lyle Bouchard, rafiki yao tangu utotoni. Lyle aliapa kwamba aliweka waya wa fyuzi, kile kipande chembamba kinachokatika kwanza ili gari lisiungue, na kwamba Denny alikitoa mwenyewe kwa ubishi wake. Russ aliamini. Alimkasirikia kaka yake kiasi kwamba tangu mazishi hakukanyaga tena makaburini.

Sasa Lyle yule yule alikuwa ameinama chini ya boneti.

"Mzee, nipe koleo. Na mkate wako upeleke huko, unanimwagia makombo kwenye injini ya watu."

"Watu gani? Injini yangu hii. We funga waya, kelele za nini?"

Betri ilikuwa juu ya meza ya kazi, hatua tano kutoka kwenye gari. Hiyo hutolewa kwanza ili gari lisiwe na umeme, hata mlevi anajua. Russ aliketi kiti cha dereva ili auvute waya mpya upande wa dashibodi.

"Safari hii fyuzi usisahau," alitania.

"Nilisahau lini? Denny nilimwekea kwa mkono wangu huu."

Mshale wa geji ya chaji kwenye dashibodi, uliokuwa umetulia katikati, ukaruka kushoto. Russ alidhani ni mtikisiko. Aligonga kioo kwa kidole, mshale ukarudi.

"Ulikiweka wapi hasa, Lyle?"

"Pale kwenye starta. Alikitoa yeye. Nikamwonya, hakusikia."

Mshale ukaenda tena, ukagota mwisho. Harufu ya plastiki inayoungua ikamjia puani.

"Umeunga betri?" Russ alinong'ona.

"Si ile pale mezani? Huoni?"

Aliiona.

"Rudia ulichosema kuhusu Denny."

Taa za dashibodi zikawaka. Kisha kiti cha abiria kikatoa mlio, springi zikabonyea taratibu. Mtu alikuwa anaketi. Hapakuwa na mtu.

Lyle alikuwa ametoka kando ya boneti, akichungulia kupitia kioo cha mbele. Hakumtazama Russ. Alitazama kiti kile.

"Sikuweka," alisema kwa sauti ya chini. "Dukani kilikuwa kimeisha. Maonyesho ya magari yalikuwa yanaanza. Nikamwambia gari liko salama, endesha. Baada ya ajali nikaenda yadi lilikovutwa gari, nikaukata ule waya, nikautupa mtoni."

Mshale ukarudi katikati. Taa zikazimika.

Russ alishuka. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Kila Krismasi umekula mezani kwangu," alisema. "Umenipa pole. Umeniacha nimchukie ndugu yangu, na ukajua."

"Russ, ndugu yangu, niliogopa..."

"Usiniite ndugu. Ondoka."

Lyle aliondoka, zana zake akaziacha chini. Hajazifuata mpaka leo.

Russ alirudi ndani ya gari akalia kama mtoto. "Nisamehe, Denny," alisema, "nilimwamini yeye, wewe nikakuacha." Akanyoosha mkono kukishika kiti cha abiria.

Kilikuwa kimelowa. Juu yake ulilala waya mrefu, plastiki imeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi, ncha zote mbili zimekatwa kwa koleo. Ulikuwa umejaa tope la mtoni. Alipougusa, ukamuunguza vidole.