Sauti Iliyoshindwa na Cherehani

Asubuhi ilianza kwa cherehani. Baragumu aliisikia akiwa kitandani. Trrr, trrr, kisha kimya kidogo, kisha trrr tena. Huyo alikuwa mke wake, fundi wa nguo, akishona sketi za shule huko uani. Baragumu alikuwa amejifunza kutambua mshono kwa mlio. Mlio mrefu ni pindo. Mlio mfupi ni mfuko. Kutwa nzima hakupata habari nyingine yoyote.

Baragumu si jina alilopewa na baba yake. Alilipata sokoni. Alikuwa mnadi wa nguo za mitumba. Akisimama juu ya meza na shati mkononi, hata wauza nyanya wa upande wa pili walijua bei yake. Siku moja alipanda juu ya marobota ya nguo ili aonekane vizuri. Robota la juu likateleza. Akaanguka vibaya, akaumia uti wa mgongo, chini kidogo ya shingo. Alipotoka hospitali, miguu haikutikisika. Mikono iliinuka, lakini vidole havikushika vizuri. Na ile sauti iliyotikisa soko? Ilibaki kama ya mtu anayesema siri.

Daktari alisema, "Apumzike." Dada yake mkubwa akalichukua neno hilo, akalifanya sheria ya nyumba.

"Kupumzika ni kunyamaza," alimwambia mke wa Baragumu. "Asiongeleshwe. Wageni wasiingie. Na hiyo cherehani yako itoe chumbani, inamgonga kichwani."

"Tumuulize mwenyewe, wifi."

"Mgonjwa haulizwi uji!"

Basi, cherehani ikahamia uani, chini ya bati. Mlango ukafungwa. Wanadi wenzake walikuja wakarudishwa mlangoni. Wakaja tena, wakarudishwa tena. Mwisho hawakuja. Dada hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi. Kila alipokuja alileta matunda, akakaa pembeni ya kitanda, na hata kupiga chafya aliogopa.

Mkewe alimwekea Baragumu kopo na kijiti. "Ukinihitaji, gonga," alimwambia. Lakini kijiti kilimponyoka vidoleni, kikaviringika chini ya kitanda. Akajaribu kuita kwa mdomo. Sauti ilifika mlangoni, ikaishia hapo. Huko uani fundi alikuwa kwenye pindo refu. Baragumu akangoja. Nzi akatembea darini, kutoka ukuta huu hadi ule. Uchungu ulimjaa. Alikuwa nyumbani kwake, mkewe yuko karibu, naye hawezi kumwita.

"Mimi niliyeuza makoti mazito kwenye jua kali," aliwaza, "leo siwezi hata kuomba maji."

Akaacha kuita. Kisha akaacha kuongea kabisa. Mkewe akafikiri sasa anapumzika vizuri, akamshukuru Mungu.

Asubuhi moja kohozi zito lilimkaba. Akajaribu kukohoa. Tumbo halikusukuma. Kilitoka kipumzi kidogo tu, kisichoweza hata kuzima mshumaa. Akajaribu tena. Chumba kikaanza kuzunguka. Uani, trrr, trrr.

Mkewe aliingia kwa bahati tu. Alikuwa amesahau mkasi dirishani. Alimkuta mumewe midomo imebadilika rangi, macho yamemtoka. Alipiga yowe lililoleta majirani wote. Hospitali wakamvuta kohozi kwa mpira mwembamba. Wakasema tayari ana homa ya mapafu.

Alipopata nafuu, akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu vya raba, anacheka upesi.

"Nyumbani unaongea na nani?" alimuuliza Baragumu.

"Haongei," dada akajibu. "Anapumzika."

"Samahani, dada yangu. Nimemuuliza yeye."

Baragumu akavuta pumzi. "Na cherehani," akasema.

Mkewe alitaka kucheka, lakini machozi yakamwahi. Akageukia ukutani.

Mtaalamu akavuta kiti. "Sikilizeni," akasema. "Tunapopumua, msuli mkubwa chini ya mapafu huvuta hewa ndani. Huo wake unafanya kazi. Lakini ili akohoe, anahitaji misuli ya tumbo na ya mbavu. Amri kutoka kwenye ubongo hupita ndani ya uti wa mgongo. Pale alipoumia, amri zinakwama. Kwa hiyo makohozi yanabaki kifuani, yanaleta homa ya mapafu. Tena msuli usiotumika unazidi kulegea. Hata ule mzima."

"Lakini daktari alisema apumzike," dada akasema.

"Alisema apumzike, dada. Hakusema afungiwe."

Dada akasogea karibu kutazama.

Mazoezi yakaanza. "Vuta pumzi," mtaalamu akasema. "Usiitoe. Ongeza nyingine juu yake. Ongeza nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Sasa itoe."

Akampa pia kifaa kidogo cha kuvutia pumzi, chenye kizuizi ndani. Kuvuta hewa kupitia kifaa hicho ni kazi, na kazi hiyo ndiyo inayoupa msuli nguvu. "Ukisikia kizunguzungu, acha, pumzika," alisema. "Wala usifanye ukiwa umetoka kula." Alimfunga mkanda mpana tumboni wakati wa kukaa, kwa sababu tumbo lililolegea linaponing'inia mbele, kupumua huwa kugumu zaidi.

Kisha akamwita mkewe. "Weka viganja hapa, chini ya mbavu. Akikohoa, sukuma ndani na juu, wakati uleule."

Mkewe akasukuma kwa woga.

"Fundi, unapapasa kitambaa?" mtaalamu akamtania. "Hatachanika huyu. Tena!"

Safari hii kikohozi kilitoka, na kohozi likatoka nacho. Baragumu akafumba macho kwa raha.

Kwenye kliniki kulikuwa na mashine ndogo ya umeme. Mtaalamu alimpima kwanza, kisha akambandika vibandiko vyenye nyaya tumboni. Baragumu akakohoa, mtaalamu akabonyeza kitufe, na tumbo likajikaza lenyewe.

"Limerudi!" dada akapiga kelele. "Kesho atatembea!"

"Taratibu," mtaalamu akasema. "Mashine hii haiungi kilichoumia ndani ya uti. Inaamsha misuli ili isaidie kukohoa na kutoa pumzi. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo. Na msinunue ya kwenu mkajaribu nyumbani bila mtu kuwafundisha. Kichwa kikianza kumgonga ghafla, au jasho likimtoka usoni, tunazima mara moja na kumwita daktari."

Baragumu alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameombea miguu kila siku. Sasa alijua kwamba huenda isirudi, na jambo hilo lilimuuma. Halafu akauliza, "Na sauti?"

"Sauti ni hewa. Ukipata hewa, utapata sauti. Ulikuwa mnadi, sivyo? Basi niuzie shati."

"Shati... la... kola," akanadi. Pumzi ikakata.

"Hilo silinunui. Kesho unadi tena."

Waliporudi nyumbani, mkewe alitaka kuingiza cherehani chumbani siku ileile. Baragumu akakataa.

"Iache hukohuko," alisema. "Siku nitakayoishinda kelele, ndipo uiingize."

Mkewe alikubali, lakini mlango uliachwa wazi, naye akawa anakuja kumtazama mara kwa mara. Dada mwenyewe akaenda sokoni kuwaomba wanadi waje. Walikuja wachache, si wote. Siku nyingi Baragumu alikuwa bado peke yake na yule nzi. Alivuta, akaongeza, akaongeza. Akamnadia nzi mashati, suruali, na makoti ya baridi. Kila pumzi ilibeba neno moja zaidi. Kila wiki alirudi kliniki kwenye mashine. Kikohozi kikapata nguvu, na homa ya mapafu haikurudi.

Mchana mmoja mvua ilikuwa imekatika. Uani mlio ulikuwa mrefu, pindo la pazia. Baragumu akajaza kifua, haba na haba, hadi kikajaa.

"Mama Cherehani!"

Mlio ukakatika katikati ya pindo. Zikaja ndara mbio, pa, pa, pa. Mkewe akasimama mlangoni, uzi bado umemning'inia begani.

"Kuna nini? Kohozi?"

"Hakuna kitu."

"Maji?"

"Sitaki maji."

"Sasa umeniitia nini, mume wangu?"

"Nimekuita tu," Baragumu akasema. "Umenisikia."

Mkewe akakaa kitandani, akalia kwa sauti bila kuogopa kumsumbua mgonjwa. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akatoka. Baragumu akasikia kitu kizito kikiburutwa uani, kikagonga ukuta, kikagonga mlango. Cherehani ikaingia, ikawekwa pale pale ilipokuwa zamani, kando ya dirisha.

Mkewe akakaa, akalimalizia lile pindo. Trrr, trrr.

"We mwanamke," Baragumu akasema, "kwa kelele hizi mgonjwa atalala saa ngapi?"